Utatuzi wa Matatizo ya Mazoezi ya Kinanda: Ukikwama, Anza Kukagua Hapa

Malalamiko ya wapiga kinanda wa Tabora yanafanana, awe ni wa parokia ya mjini, wa kigango cha ndani huko Uyui, au wa ushirika wa Moravian. "Mazoezini ilikuwa inatoka." "Mkono wa kushoto mzito." "Nikiongeza kasi vidole vinachanganyika." "Mahali pale ndipo ninapoangukia kila Jumapili." Wengi hujibu matatizo hayo kwa kuongeza muda wa kupiga, halafu tatizo linabaki vilevile au linakomaa.

Wapigaji waliobobea hawategemei wingi wa saa. Chopin, mpiga piano na mtunzi mashuhuri, aliwakataza wanafunzi wake kuzidisha saa 3 za mazoezi kwa siku. Kinachowatofautisha na wengine ni wanachofanya dakika ile wanapokosea: wanasimama, wanatafuta sababu, wanarekebisha sehemu ile tu, kisha wanairudisha ndani ya wimbo. Anayekosea kipimo cha 14 (kipimo ni sehemu iliyo kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota) halafu akaanza tena kipimo cha 1 amepiga mara nyingi sehemu anazozijua, na sehemu asiyoijua ameipiga mara moja tu, tena kwa makosa.

Kwenye kila dalili hapa chini, visababishi vimepangwa kuanzia kile kinachotokea sana hadi kile cha nadra. Kagua kwa mpangilio huo huo, usirukie cha mwisho. Uwe na penseli (kalamu ya wino haifai, maana vidole utavibadilisha), kauntabuku ya kuandika ulipokwama, na simu yenye metronomu (kigonga mapigo) na kamera. Namba za vidole ni zile za kawaida: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, kwa mikono yote miwili.

Dalili: unakosea mahali palepale kila siku

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko zote.

Kisababishi cha kwanza ni vidole visivyo na utaratibu. Leo nota ile umeipiga kwa kidole cha 3, jana ulitumia cha 2, na Jumapili mkono utachagua wenyewe. Kukagua ni rahisi: simamisha simu pembeni, rekodi video ya mkono ukipiga kipimo hicho mara tatu polepole, kisha itazame. Kama vidole havikufanana mara zote tatu, umeshapata ugonjwa na huna haja ya kutafuta zaidi.

Mfano unaoonekana sana ni skeli (ngazi ya nota, do hadi do) ya F kwa mkono wa kulia. Aliyezoea C hupiga 1-2-3 halafu anapitisha gumba chini, na gumba linatua kwenye B flati, kibao cheusi. Gumba ni fupi, hivyo mkono mzima unasukumwa mbele kulifikisha, kifundo kinapinda, na nota inayofuata inachelewa. Vidole vya F kwa mkono wa kulia ni 1-2-3-4-1-2-3-4, ili B flati iangukie kidole cha 4 na gumba likae kwenye C. Mkono wa kushoto unabaki kama wa C: 5-4-3-2-1-3-2-1. Kwa B flati yenyewe, mkono wa kulia unaweza kuanza na 2 kisha 1-2-3-1-2-3-4, na wa kushoto 3-2-1-4-3-2-1-3. Kanuni inayofaa kubaki kichwani kwa skeli zote ni kwamba gumba linatafuta kibao cheupe.

Ukishachagua vidole, viandike juu ya nota kwa penseli. Si lazima kila nota, andika pale mkono unapohama na pale gumba linapopita chini. Baada ya hapo usivibadilishe bila sababu. Ukiona vinakusumbua, vibadilishe siku moja kwa uamuzi, futa, andika vipya, na anza kuhesabu upya.

Kisababishi cha pili: kosa linasikika hapa lakini limezaliwa nyuma. Anza moja kwa moja kwenye nota unayoikosea, ukiwa umekwisha kuweka mkono juu yake. Ikitoka safi, nota hiyo haina tatizo. Tatizo ni namna unavyofika. Sasa rudi nyuma nota moja, kisha mbili, kisha nne, mpaka uione ile inayokuvuruga. Mara nyingi utakuta mkono ulitakiwa kuanza kuhama pigo moja kabla, ila wewe ulisubiri.

Kisababishi cha tatu: kosa umelifundisha mwenyewe. Mkono hauna uwezo wa kujua lipi sahihi, unashika kile ulichorudia. Hapa dawa ni polepole ya kweli, kasi ambayo hata ukitaka kukosea huwezi. Chukua sehemu fupi sana, nota nne hadi vipimo viwili. Ipige sahihi mara tano mfululizo, na kati ya mara moja na nyingine ondoa mkono kwenye vibao, uweke pajani, kisha urudi. Ukikosea mara ya nne, hesabu inaanza moja. Kwa siku mbili au tatu usiipige sehemu hiyo kwa kasi ya wimbo hata mara moja, hata kama kwaya inakuomba. Ukijaribu kasi siku hiyohiyo, kosa la zamani linarudi na kufuta kazi yote.

Cha mwisho ni kwamba hujaisikia. Iimbe sehemu hiyo kwa do-re-mi bila kinanda. Wapigaji wa kwaya zetu wana faida kubwa hapa kwa sababu wengi wamekulia kwenye sol-fa. Ukishindwa kuiimba, vidole havina cha kufuata. Iimbe kwanza, kinanda baadaye.

Kama visababishi vyote vinne umevipitia na bado, jenga kutoka mwisho: kipimo cha mwisho cha fungu peke yake, kisha cha pili kutoka mwisho ukiunganisha na cha mwisho, na kadhalika. Kwa njia hiyo kila unapopiga, unatoka kwenye usichokijua kwenda kwenye unachokijua, na hofu inapungua.

Dalili: mazoezini inatoka, kanisani inavunjika

Jiulize kwanza: mazoezini inatoka mara ya ngapi? Wengi huipiga ikatoka mara ya sita wakasema "naijua". Kanisani kuna mara ya kwanza tu. Kigezo cha kweli ni kile unachopiga ukiwa ndiyo kwanza umekaa, mikono haijapata joto, bila kujaribu. Kiandike kwenye kauntabuku kila siku: leo mara ya kwanza imekwama wapi. Baada ya wiki utaona sehemu mbili au tatu zinazojirudia, na hizo ndizo mazoezi yako ya wiki inayofuata.

Kisababishi kingine kikubwa ni kuanzia mwanzo tu. Mwimbaji akiruka ubeti au mwalimu wa kwaya akikata kiitikio, mpigaji hana pa kushika. Weka vituo: andika A, B, C, D kila baada ya vipimo vinne hadi vinane, pale ambapo sentensi ya muziki inaanza. Jifunze kuanzia kituo chochote ukitajiwa herufi. Mwombe mdogo wako akutajie ovyo, "C! A! D!" Siku unayoweza kuanzia popote bila kusita, kosa moja halitabomoa wimbo mzima, kwa sababu utaruka hadi kituo kinachofuata na kwaya itakukuta hapo.

Tatu: hujawahi kufanya zoezi la kutokusimama. Kutengeneza na kupiga ni kazi mbili tofauti na zisichanganywe ndani ya dakika zilezile. Unapotengeneza, kila kosa linakusimamisha. Unapopiga kwa ajili ya ibada, marufuku kusimama hata ukikosea vibaya: acha mkono wa kulia uendelee na melodia, au besi ibaki peke yake, mapigo yasikatike. Anayefanya la kwanza tu atakuwa msafi lakini atasimama mbele ya watu. Anayefanya la pili tu hataboreka kamwe. Jumatatu hadi Alhamisi ziwe za kutengeneza zaidi, Ijumaa na Jumamosi za kupiga zaidi.

Halafu kuna kinanda chenyewe. Ukifanya mazoezi kwenye kinanda chepesi cha plastiki nyumbani na kanisani kuna chenye vibao vizito, mkono unashtuka. Hii ni sababu halisi, ila inasingiziwa kuliko inavyotokea. Fika nusu saa kabla ya ibada, piga skeli mbili na sehemu ngumu polepole kwenye kinanda utakachokitumia. Inatosha.

Dalili: kasi haipandi

Umefika kasi fulani, tuseme mapigo 84 kwa dakika, na wiki ya tatu hii uko palepale.

Kagua mvutano kwanza. Piga kordi, yaani nota tatu au zaidi kwa pamoja, na uzishikilie chini. Sasa bila kuziachia, inua na kushusha kifundo cha mkono taratibu. Kikiwa kigumu kama ubao, umejikaza. Angalia pia kidole kidogo na gumba wakati vidole vingine vinapiga: vikiwa vimesimama hewani, nguvu inapotea kwa kuvishikilia. Kibao cha kinanda kinashuka takriban sentimita 1 tu. Kikishafika chini sauti imeshatoka, kuendelea kukikandamiza hakuongezi kitu isipokuwa uchovu. Piga, kisha legeza palepale huku kidole kikibaki juu ya kibao.

Kama hujajikaza, rudi kwenye vidole. Vidole vinavyofaa kwa 60 vinaweza kukataa kwa 100, hasa vile vinavyorudiarudia kidole kimoja kwenye nota mbili zinazofuatana.

Kama navyo viko sawa, tatizo ni namna unavyopanda. Ngazi ya metronomu inafanya kazi hivi: tafuta kasi unayopiga bila kosa na bila kushika pumzi, hata kama ni 50. Piga mara tatu safi, panda 4. Ukianguka, shuka 8, thibitisha, panda tena. Simama siku hiyo ukianguka mara mbili kwenye kasi moja, kesho anza 8 chini ya hapo.

Ngazi hiyo ina ukomo wake. Kupiga polepole na kupiga kwa kasi hakutumii mwendo uleule wa mkono, ndiyo maana kuna watu wanaopanda mpaka 84 na kugota. Hapo tumia vipande: kwa kasi kamili ya wimbo, piga nota mbili tu na usimame. Kisha tatu na usimame. Kisha nne, kisha tano ukitua kwenye pigo linalofuata. Mkono unajifunza mwendo wa kasi ndani ya kipande kifupi ambacho hauwezi kukosea. Njia nyingine ni kubadili mapigo: mstari wa nota zinazolingana upige ndefu-fupi, ndefu-fupi, kisha fupi-ndefu, fupi-ndefu. Kila nota inapata zamu ya kufikiwa haraka na zamu ya kupumzikiwa.

Dalili: mikono haisikilizani

Kwa kawaida mkono wa kushoto haujui kazi yake, na wa kulia unauficha. Funika wa kulia, piga besi peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kasi ya wimbo. Wengi huanguka kabla ya kipimo cha nane, na hapo hawana cha kubishana. Upe mkono wa kushoto dakika nyingi kuliko wa kulia kwa wiki mbili.

Kwa nyimbo za sauti nne, usipige sauti zote siku ya kwanza. Anza soprano na besi, mikono miwili, mpaka zishikane. Kisha alto na tena (sauti ya juu ya wanaume). Kisha soprano na tena, ambazo ziko mbali na zinasumbua. Mwisho zote. Zoezi la juu zaidi, linalotenganisha mpigaji na mbonyezaji, ni kuimba sauti moja huku ukipiga nyingine tatu. Imba sauti ya tena, piga soprano, alto na besi. Ni gumu na litakuchosha ndani ya dakika kumi, lakini hakuna zoezi linalofundisha masikio kwa haraka kama hilo, na mwalimu wa kwaya atakushukuru siku watu wa tena watakapopotea.

Ikiwa mikono inajua kazi yake kila mmoja lakini ikikutana inavurugika, tatizo ni kuhesabu. Gonga mapigo ya mikono yote miwili juu ya meza, ukihesabu kwa sauti. Meza haina nota za kukuchanganya.

Dalili: unapiga kwa C tu, mengine unamwachia kitufe cha transpozi

Kitufe hicho, kinachohamisha sauti ya kinanda juu au chini, ni msaada halali siku mchungaji anapoanzisha wimbo ghafla kwa sauti isiyotarajiwa. Kikigeuka mkongojo, kuna mambo matatu yanatokea: nota ulizoandikiwa hazilingani na unachosikia, masikio yako yanaacha kujua wimbo uko wapi, na siku ukikaa kwenye piano ya mbao huna kitufe. Pia kuna aibu ndogo ya kila mara, kukisahau kikiwa kimewashwa na kuanza wimbo unaofuata nusu sauti juu.

Kisababishi karibu wakati wote ni woga wa vibao vyeusi, na woga huo hauna msingi. Chopin aliwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B, yenye vibao vyeusi vitano, na C akaiweka mwisho kwa kuwa ndiyo ngumu kuipiga vizuri: vidole virefu vya katikati havina pa kuinukia. Jaribu mwenyewe. Weka mkono wa kulia kwenye E, F shapu, G shapu, A shapu, B, gumba likiwa E na kidole kidogo B. Utaona mkono umejikalia wenyewe.

Marekebisho: ufunguo mmoja kwa wiki. Kila siku dakika 10: skeli mikono tofauti, kisha kordi za do, fa na sol, kisha wimbo mmoja rahisi unaoujua kabisa. Anza na F (kordi F, B flati, C), kisha G (G, C, D), B flati (B flati, E flati, F), D (D, G, A), E flati (E flati, A flati, B flati), A (A, D, E), na kuendelea. Funguo ziko 12, hivyo ni kama miezi mitatu. Usichukue wimbo mpya kwa zoezi hili, chukua ule uliochoka nao.

Dalili: maumivu, uchovu wa haraka, ganzi

Hapa usivumilie hata kidogo. Msemo wa "maumivu ndiyo mazoezi" umeharibu mikono mingi. Mtunzi Robert Schumann alipoteza uwezo wa kutumia vizuri mkono wake wa kulia akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1830, na ndoto ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, akiwa kwenye kilele chake katika miaka ya 1960, vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe, na kwa miongo mitatu alipiga zaidi kwa mkono wa kushoto.

Anza na kiti. Kiti cha plastiki cha kanisani kwa kawaida ni kifupi kwa kinanda, mabega yanapanda na vifundo vinaning'inia. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini. Kiwiko kiwe usawa wa vibao au juu yake kidogo sana. Kama kiko chini, kunja kanga mbili au tatu uziweke kwenye kiti, au shusha stendi ya X tundu moja. Kama kiko juu sana, pandisha stendi. Kwa umbali, nyoosha mikono ukiwa umekunja ngumi: ngumi zifike nyuma ya vibao bila wewe kuinama.

Pili, muda. Dakika 25, pumzika 5, na kwenye hizo 5 simama na utembee, usishike simu, maana gumba lile lile ndilo linalofanya kazi. Anayepiga mara moja kwa wiki saa nne mfululizo Jumamosi kwa sababu ndipo funguo za kanisa zinapatikana yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayepiga dakika 40 kila siku. Zungumza na katekista au mzee wa kanisa upate hata siku tatu.

Tatu, kunyoosha mkono kupita kiasi. Kama oktavu (do hadi do ya juu yake) inakuumiza, usiilazimishe. Acha nota moja ya ndani ya kordi, hakuna msharika atakayelalamika. Mwisho, mazoezi ya nguvu yanayorudiwa haraka bila kupumzika, hasa yale ya vidole vya 4 na 5.

Uchovu wa kawaida unaisha ukilala. Ukibaki siku ya pili, pumzika siku mbili kamili, kisha rudi na dakika 10 mara mbili kwa siku, polepole.

Simama leo, usimalizie hata wimbo, ukiona lolote kati ya haya: maumivu makali ya ghafla, ganzi au vijisindano kwenye vidole, kushindwa kushika kikombe, uvimbe, maumivu yanayokuamsha usiku, au kidole kinachojikunja bila wewe kukiagiza. Nenda hospitali, kwa Tabora mjini Kitete, kwa Kigoma Maweni, na umweleze daktari kwamba unapiga kinanda, saa ngapi kwa siku, na ni mwendo gani hasa unaoleta maumivu. Usimeze dawa ya maumivu ili upate kupiga, kwa sababu utaumia zaidi bila kujua. Wala usikubali mkono kuvutwa na kukandwa kwa nguvu kabla ya kupimwa. Kidole kinachojikunja chenyewe huwa hakiumi, na ndiyo sababu watu hukipuuza. Hicho ndicho cha kuwahi kuliko vyote.

Dalili: sauti haitoki ulivyokusudia, na huna uhakika kama ni wewe au kinanda

Piga nota moja kwa vidole vitatu tofauti. Kasoro ikibaki kwenye kibao kilekile, ni kinanda. Ikihama na kidole, ni wewe.

Kibao cha kinanda cha umeme kinachopiga kelele ghafla hata ukikigusa taratibu, au kisichotoa sauti kabisa, kwa kawaida kina vumbi kwenye viguso vya mpira vilivyo chini yake. Kinanda kinapima nguvu ya kidole kwa muda kati ya kiguso cha kwanza na cha pili, vumbi likiingia kipimo kinaharibika. Kiangazi cha Tabora, Mei hadi Oktoba, ndicho kinacholeta kasoro hii. Funika kinanda kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na futa vibao kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana. Usipulizie dawa wala mafuta yoyote kati ya vibao. Kufungua na kusafisha viguso ni kazi ya fundi wa elektroniki aliyekwisha kufanya hivyo.

Kinanda kikizima chenyewe au kikitoa mkwaruzo, angalia adapta kabla ya kitu kingine. Volti iliyoandikwa kwenye kinanda ilingane na ya adapta, na alama ya upande wa chanya na hasi ilingane pia, kwa sababu chapa tofauti hutofautiana. Adapta ya kuazima ambayo plagi yake "inaingia" imechoma vinanda vingi. Ikitoa harufu au joto lisilo la kawaida, chomoa.

Piano ya mbao inafuata majira. Masika, na kwa walio Ujiji na kando ya ziwa karibu mwaka mzima, mbao hufura na vibao vinanata. Kiangazi mbao hukauka na sauti hushuka. Iweke mbali na dirisha na jua. Usiguse skrubu wala nyuzi za ndani: mvutano wake kwa jumla unazidi tani 15, na uzi ukikatika unaweza kukutoa jicho. Hiyo ni kazi ya fundi wa piano peke yake.

Dalili: umeme umekatika, au kinanda hukipati leo

Vinanda vingi vidogo vinakubali betri sita, zinunue mapema na uzitumie kwa dharura tu, maana zinaisha haraka. Lakini hata bila betri siku haijapotea. Mpiga piano Walter Gieseking alijulikana kwa kujifunza kazi kwa kuisoma nota kimya mpaka aisikie yote kichwani, ndipo akaisogelea piano.

Fanya hivi: keti na nota, chukua vipimo vinane. Soma mkono wa kushoto na uuone kichwani, kidole kwa kidole. Kisha wa kulia. Kisha funga nota, fumba macho, piga juu ya meza huku ukiimba besi kwa sauti ya chini. Kuna mahali picha itakatika na hutajua kidole kinachofuata ni kipi. Fungua nota, weka alama hapo kwa penseli, na andika namba ya kidole. Umeme ukirudi, usianze kipimo cha 1. Anza kwenye alama.